Elimu ya Dini Haiishii Chuoni

Sisi watu wa pwani twajivunia vyuo na darsa zetu, na ni haki yetu. Hata hivyo, naona liko jambo la kutufaa kwa jirani zetu Waanglikana.

Wengi hawajui kuwa shule yao ya makasisi ilizaliwa papa hapa Mombasa. Ilianza Freretown mwaka 1903, ikahamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Sasa tuseme kasisi amehitimu Limuru, akapelekwa Nyacheki, kule milima ya Kisii. Nani atamfundisha tena? Aghlabu kasisi mmoja ana makanisa kadhaa ya kuyazungukia. Jumapili ambayo hayupo, husimama mkulima wa chai au mwalimu wa skuli kuongoza ibada. Huyo akipotoka, hupotoka na wenziwe wote.

Dawa waliyoipata ni kuipeleka elimu kwa watu walipo. Utaratibu huo ulianza Guatemala mwaka 1963, katika chuo cha Wapresbiteri, ukaenea mpaka Kenya. Mwanafunzi husoma kitabu nyumbani akishaweka jembe, kisha hukutana na wenziwe na mwalimu, wakaulizana na kusahihishana. Hahami kwake wala haachi shamba.

Atatokea wa kuniambia, "Hayo si mageni, darsa zetu je?" Kweli. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, naye alimfuata msomaji barazani kwake. Lakini darsa humfaa aliye karibu na mwanachuoni. Je, yule mwalimu wetu aliye peke yake katika msikiti mdogo wa bara? Twamkumbuka kwa swadaka; kwa elimu twamsahau. Huulizwa mambo ya talaka na mirathi, akajibu kwa yale aliyoyahifadhi ujanani, wala hana wa kumrudi akikosea. Anayedhulumiwa ni mjane na yatima.

Kuiga utaratibu si kuiga itikadi. Masheikh wetu na watungie vitabu vya masomo, na kila mwezi mmoja wao afunge safari akawasikilize walimu wa bara. Elimu ni bahari, lakini bahari haipandi mlima. Aliye Nyacheki lazima achukuliwe maji.