SIKU YA PUMZIKO NI YA NYUMBA NZIMA



Katika mikutano ya tawi letu hapa Nakuru tumezungumza sana juu ya mishahara, nyumba na posho ya safari, nayo ni mambo ya haki. Lakini liko jambo moja ambalo hatulitaji hata kidogo, nalo ni namna tunavyoitumia siku ya pumziko ikisha kutufikia. Najua wengine watasema hilo ni jambo la mtu na nyumba yake, chama hakina kazi nalo. Mimi naona linakihusu chama kuliko mengi tunayoyapigia kelele.

Siku hii haikuletwa na mvua. Mwaka 1886 wafanya kazi wa Chicago, Marekani, waligoma wakidai saa 8 za kazi kwa siku, na watu waliuawa. Ndiyo asili ya sikukuu yetu ya tarehe 1 Mei. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba kwamba mfanya kazi wa viwandani, na wa reli pamoja naye, apate saa 24 za pumziko mfululizo katika kila siku saba. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, fungu la 27, yampa kila aliyeajiriwa siku moja ya pumziko katika siku saba. Tena liangalieni sana neno hilo “mfululizo”. Mtu aliyetoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, akalala mpaka saa nane mchana, hajapumzika bado. Amelipa deni la usingizi tu.

Basi siku yenyewe ikifika twaifanyaje? Ndugu anaamka, mtungi hauna maji, nguo za kazi zingali na grisi, makaa yamekwisha, mtoto anadai daftari. Anakimbia huku na huku mpaka adhuhuri. Jioni nyumba imejaa maneno, naye anatorokea kilabuni. Usiku anarudi kutafuta viatu vya asubuhi, na kimoja hakionekani. Kesho yake yuko njiani akikaza bolti na kupiga mataruma huku kichwa kizito. Reli inayotoka hapa kwenda Uganda yapanda mpaka Timboroa, karibu futi 9,000 juu ya bahari, yenye kona na madaraja. Treni haina huruma kwa mwenye kusinzia, wala kwa abiria wake.

Lakini hayo yote ni nusu ya habari. Mwanamume wa reli ana siku moja katika saba, je, mkewe anayo ngapi? Mimi nimeishi katika nyumba za reli miaka mingi, na ninavyoona ni kwamba siku ya pumziko ya mume ndiyo siku ngumu kuliko zote kwa mke. Bwana yuko nyumbani, kwa hiyo chai iwe tayari mara tatu, wageni waje, nyama ipikwe, kaptura ipigwe pasi. Na dada zetu wanachama wanaopokea mshahara kama sisi, wao wana zamu mbili: wakitoka kazini hapa wanaingia kazini kule, wala hakuna karani anayeziandika saa hizo.

Mtu asiniambie kwamba ile ya nyumbani si kazi. Mwezi wa Septemba mwaka 2021 Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu, papa hapa Nakuru, akihukumu kesi ya mali ya mume na mke, alisema kwamba kutunza nyumba na kulea watoto ni kazi kamili, nayo yafaa ihesabiwe mali inapogawanywa. Sasa sisi watu wa chama tujibu. Ikiwa ni kazi, nayo haina siku ya pumziko, na anayeifanyisha ni sisi, basi katika nyumba zetu sisi ndio tajiri, tena tajiri wa namna ile tunayemlaani mkutanoni.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kazi ifanywe siku ya kutangulia, tena na watu wote. Jioni ile maji yatekwe na mitungi ijae, maana iko mitaa ambayo bomba halitoi kila siku. Nguo za kazi zifuliwe na mwenye kuzivaa. Grisi ile aliipata mwenyewe. Githeri ya siku mbili ichemshwe katika sufuria kubwa, na sukuma wiki ikatwe, maana jina lake lenyewe latufundisha kazi yake. Watoto wapange vitabu na viatu. Asubuhi matandiko yatolewe juani, vumbi lifagiliwe mara moja, nalo kwetu si haba. Husemwa kwamba hata jina Nakuru kwa Kimasai ni mahali pa vumbi. Kisha ufagio uwekwe. Mwenye ibada aende ibadani, mwenye kulala alale, mwenye kupenda kupanda Menengai na watoto wake apande, na simu za kazi zisipokewe ila za ajali. Chakula cha siku hiyo apashe mume. Kupasha githeri hakukumpunguzia mtu ndevu.

Wako wanaosema, “Mimi siku hiyo naiuza kwa ovataimu, kwani karo ya shule haina mapumziko.” Hao siwacheki. Mshahara ukiwa mdogo mtu huuza alicho nacho. Lakini ovataimu ya siku ya pumziko ikiwa ndiyo inayolisha nyumba kila mwezi, maana yake ni kwamba mshahara wa siku sita hautoshi, na hilo ndilo la kudai kwa wakubwa. Tukiendelea kuiuza kimya kimya, wakubwa watatuambia kwamba mishahara yatosha, mbona hamlii?

Liko na jambo la zamu. Wenzetu wa maofisi wanajua Jumapili yao tangu Januari. Sisi pumziko laangukia Jumanne wiki hii, Alhamisi wiki ijayo, na mara nyingine mtu hupata habari usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nyumba itachemshaje githeri ya siku isiyojulikana? Kwa hiyo naomba tawi lipeleke ombi kwa maandishi, orodha ya zamu itundikwe siku saba mbele, na kila mwenye watoto wa shule apate walau Jumapili moja katika mwezi. Na kamati yetu nayo iache kuitisha mikutano ya chama Jumapili asubuhi.