Mto Rufiji Unatudai

Kila anayenunua umeme wa LUKU hukatwa. Hukatwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati, EWURA, na tangu 2021 hata kodi ya majengo. Isome risiti yote, juu hadi chini. Mto unaozungusha mitambo haumo.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji limekamilika: mitambo 9, megawati 2,115. Umeme huo tuliuhitaji na siukatai. Lakini tusidanganyane. Ziwa lake limemeza sehemu ya pori lililokuwa Selous, na ukuta wenye kimo cha mita 131 hauzuii maji peke yake. Unazuia tope. Unazuia mafuriko ya masika, na mafuriko hayo ndiyo yaliyolisha bonde la Rufiji tangu enzi za mababu.

Mtu wa mjini akisikia mafuriko huwaza maafa, na ni kweli, maji ya Aprili 2024 yaliwatesa watu wa Rufiji na Kibiti. Mkulima wa bondeni anajua na upande wa pili. Maji yakipanda kwa kiasi kisha yakashuka, huacha tope jipya, naye hulima humo kilimo cha mlau bila mbolea ya dukani. Maji hayohayo huingia maziwa ya kando ya mto, Zumbe, Ruwe, Uba na mengineyo, na huingia na samaki. Mto usipopanda, ziwa hunywea, perege na kambare huadimika, na mvuvi hana pa kutupa nyavu. Chini zaidi kuna delta yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Humo kamba wachanga hukua, mahali maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Mikoko ile imesimama juu ya tope la Rufiji, na tope hilo sasa linatua nyuma ya ukuta.

Hatuwezi kusema hatukujua, maana mradi wa umeme wa Kihansi ulikwisha kutufundisha. Maji ya maporomoko yalielekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakatika, na chura mdogo anayezaa watoto hai, asiyepatikana kwingine kokote duniani, akaanza kuangamia. Chura 499 wakasafirishwa kwenda Marekani mwaka 2000. Mabomba ya kunyunyizia maji yakafungwa madhara yakiwa yameshaonekana. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini, na ilipofika 2012 ndipo wakaanza kurudishwa. Yote hayo yalikuwa ya kuokoa hekta chache tu za bonde. Rufiji yote tutaifungia mabomba gani?

Sisi tumezoea fidia ya hundi: mthamini anakuja, anahesabu minazi na miembe, mtu anasaini, faili linafungwa. Samaki wa Zumbe hahesabiki hivyo. Hasara yake hurudi kila masika, kwa hiyo ilipwe kila masika, na ilipwe kwanza kwa maji. Bwawa lifunguliwe kwa ratiba inayojulikana hadi kijijini, kwa kiasi cha kufika maziwani bila kubomoa nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 tayari inatambua maji yanayotengwa kwa ajili ya mazingira. Kilichobaki ni kuyaachia.

Kisha ilipwe kwa fedha za umeme wenyewe. Katika bonde la mto Columbia, Marekani, sheria ya Desemba 1980 iliagiza kwamba madhara ya mabwawa kwa samaki na wanyamapori yagharamiwe na mapato ya umeme. Samaki aina ya salmoni hawajarudi kama zamani na mabishano hayajaisha, lakini anayeuza umeme wa mto ule hawezi kujifanya hadaiwi.

Wapo watakaolalamika kwamba uniti itapanda bei. Bei hiyo ipo tayari leo. Anailipa mvuvi wa Rufiji na mkulima wa mlau, peke yao, kwa niaba ya sisi sote tunaowasha taa. Huo ni uonevu.

Wabunge wa Rufiji, Kibiti na Mafia, simameni katika bunge la bajeti mdai mambo mawili: ratiba ya kufungulia maji iliyoandikwa na kutangazwa, na fungu la mto ndani ya bei ya kila uniti.