Bibi mwenye mvi si mchawi wa muvi yako

Wadau, kuanzia Diani, Ukunda hadi Msambweni, leo naongea na nyinyi mnaoshika kamera. Kila klipu ya kutisha inayotoka huku kwetu ni ile ile: usiku, mbuyu, na bibi kizee mwenye macho mekundu. Inachosha bana, na zaidi ya hapo ni hatari.

Tafuteni filamu ya Mtaliano Mario Bava, Reazione a catena, ya 1971. Bava anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa sinema zinazoitwa giallo, yaani manjano. Jina limetokana na riwaya za mauaji zilizoanza kutoka Italia 1929 zikiwa na majalada ya rangi hiyo. Humo ndani usitafute jini. Kuna mtu, kuna kisu, na kuna sababu.

Muvi inaanza na mama mzee kwenye kiti cha magurudumu, mwenye ardhi ya ghuba nzima. Mumewe anamtia kitanzi, halafu anapanga ionekane kajinyonga mwenyewe. Kisa? Ploti ya bichi. Kuanzia hapo kila anayeitaka ghuba ile anaua au anauawa, mpaka maiti zinafika 13.

Haya, niambie hiyo haifanani na kwetu. Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa shamba. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa na watu wao wenyewe. Sasa wewe ukimpaka bibi masizi usoni umwite mchawi, unadhani unamsaidia nani? Yule mjukuu anayeitafuta hati.

Na msiniambie hatuna pesa. Bava alikuwa hana reli za kamera, akaipandisha kwenye kigari cha kuchezea mtoto, ikavutwa. Miti haikutosha kuwa msitu, akawashikisha watu matawi mbele ya lenzi. Miaka kumi baadaye, Friday the 13th Part 2 ya Marekani ikaiga mauaji yake. Sisi tuna misitu ya kaya, mikoko na mapango ya Shimoni, bado tunalia vifaa?

Andikeni muvi ambayo kamera inamfuata yule anayelia kuliko wote matangani, kisha anaulizia hati kabla arubaini haijafika. Hiyo itatutisha sote, maana tunamjua. Nani anaanza?