Wasanii wasiteuliwe gizani

Mwaka 2015, orodha ya wasanii wa banda la Kenya katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, ilisheheni majina ya Wachina. Mkenya alitafutwa kwa tochi. Mchoraji Michael Soi aliichora aibu hiyo kwa kejeli, na serikali ikalikana banda. Mwaka 2013 mambo yalikuwa yale yale.

Hatuna ugomvi na wageni. Tunachokataa ni uteuzi unaofanywa bila kuwashirikisha wasanii wa nchi inayotajwa mlangoni. Mwaka 2017 Wakenya walionyesha kazi zao huko huko, kwa hiyo inawezekana.

Wizara inayohusika na utamaduni itangaze nafasi hizi hadharani, na iwataje wateuzi na vigezo vyao mapema. Jina la nchi si mali ya mtu binafsi.