Kumngojea Mwewe kwa Kamera

Hakuna asiyemjua mwewe. Kivuli chake kikipita uani, kuku huita vifaranga chini ya mbawa, na mama mwenye nyumba hutoka kwa kelele. Lakini ni wachache waliowahi kumtazama kwa makini, na wachache zaidi wenye picha yake isiyokuwa doa jeusi mbinguni. Leo tuzungumze nawe uliyepata kamera, ukatamani kuwapiga picha ndege walao nyama wakiwa kazini.

Usianze na mbuga za mbali. Anza na mwewe huyu huyu. Hukaa karibu na watu, hasa penye masoko ya samaki na machinjio, naye huzunguka pale pale, hata akikuponyoka sasa atarudi. Akinyakua kipande kwa kucha, mara nyingi hukila angani, akiinamisha kichwa kufikia miguu yake. Hiyo ndiyo picha ya kungojea.

Lenzi ya milimita 300 au 400 yatosha. Kasi ya shata iwe sehemu moja ya 2,000 ya sekunde au zaidi, ama sivyo mbawa zitatoka kama moshi. Kwa kuwa mbingu zina mwanga mwingi, kamera hudanganyika ikampaka ndege weusi. Iongezee mwanga hatua moja. Mfuate tangu angali mbali, ukigeuza kiwiliwili kuanzia kiunoni, wala usisite baada ya kubonyeza.

Siri kubwa ni upepo. Ndege huruka na kutua akiukabili. Basi simama upepo ukikupiga mgongoni, na jua likiwa nyuma yako. Atakuja kifua mbele, uso ukiangazwa. Mkazi wa pwani yetu, upepo wa asubuhi ukitoka baharini, aipe bahari mgongo, atakuwa amepata vyote viwili.

Kila ndege ana saa zake. Tumbusi hungoja hewa ipate joto la kumwinua, kwa hiyo usimtazamie angani alfajiri. Furukombe aweza kukaa tawini kwa muda mrefu kando ya ziwa. Akijinyoosha na kujisaidia, kaza mkono, huenda yu karibu kuruka.

Sasa neno lililo zito kuliko yote. Usikisogelee kiota. Wazazi wakitishika, yai hubaki juani au kwa kunguru, na picha yako itakuwa imelipiwa kwa uhai. Katika Ziwa Naivasha, Kenya, waongozaji mashua huwarushia furukombe samaki ili wageni wapate picha. Picha hizo hupendeza, lakini hazitufundishi jinsi ndege huyu anavyojitafutia riziki. Tena ndege hawa si wengi kama tunavyodhani: mwaka 2015, aina 6 kati ya 11 za tumbusi wa Afrika zilipandishwa daraja katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sumu inayotegwa na binadamu ni miongoni mwa sababu kubwa.

Jumapili hii mchukue mwanao mwende pamoja. Mpeni mwewe saa mbili za utulivu, na mwandike tarehe na mahali pa kila picha. Hata mkirudi na moja tu iliyo safi, mtoto atakuwa amejifunza kungoja, na subira huvuta heri.