Mguu wa Kukodi Usituharibie Mtoano wa Jumamosi

Kwetu pwani ukitaja chuo, kitu cha kwanza kumjia mtu akilini si karakana wala kompyuta. Ni mkeka, ni ubao, ni watoto wenye kofia wanayumbayumba na Juzuu Amma mikononi, na mwalimu ameegemea ukuta kafumba macho. Mwalimu wangu mimi, Mungu amrehemu, ungeapa kuwa amelala. Lakini mtoto akijaribu kumsomea mwenziwe ambaye hakuhifadhi, mzee hufumbua jicho moja tu akasema, "Sauti hiyo si ya mwenye zamu." Basi hapo kila mtu hujua kilichobaki ni fimbo.

Nimemkumbuka mwalimu huyo juma hili nikiwa huku Baba Dogo, Nairobi, nyumbani kwa dada yangu, kwa ajili ya mechi ya kandanda itakayochezwa Jumamosi saa kumi na robo, mara tu baada ya Alasiri. Ni mechi ya vyuo, lakini si vyuo vile vya mkeka.

Kwa msomaji asiyeijua Baba Dogo, ni mtaa wa viwanda na magorofa upande wa mashariki ya jiji, karibu na njia panda ya Allsops. Ni wadi mojawapo ya jimbo la Ruaraka, pamoja na Utalii, Mathare North, Lucky Summer na Korogocho. Vyuo vikubwa viko jirani. Kipo Chuo cha Utalii, kilichofunguliwa mwaka 1975. Kipo KCA, ambacho kilianza mwaka 1989 kama chuo cha uhasibu tu na kikawa chuo kikuu mwaka 2007. Vyote hivyo vina lango, bustani na bawabu. Ninavyovizungumza mimi havina lango. Ni vyumba vitatu vinne juu ya duka la spea, au ua ulioezekwa mabati nyuma ya karakana, na kibao mlangoni. Mtoto husoma humo mwaka mmoja au miwili, akapata cheti, akaenda zake. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu, huko Kisauni na Likoni na Malindi, mmewaleta watoto wenu katika vyuo vya namna hii, na kila mwezi mwauza kitu ili mtume karo.

Vyuo hivi navyo hucheza mpira. Havina viwanja, havina mabasi, na jezi zao hufuliwa usiku zikavaliwa zikiwa na unyevu. Ligi hawaiwezi, maana ligi yataka nauli kila juma na marefa wa kulipwa kila juma. Kwa hiyo hucheza mtoano: ukifungwa, umekwisha. Sasa vimebaki viwili, na Jumamosi kimoja kitasonga mbele. Majina yake sitayaandika, kwa sababu nitakayoyasema si mazuri sana na wachezaji ni watoto wa watu. Kimoja hufundisha umakanika, umeme na kuchomelea vyuma. Hao nitawaita Mafundi. Kingine hufundisha hesabu za biashara na kazi za ofisi. Hao ni Makarani.

Nianze na mpira wenyewe, maana ndio ulionitoa nyumbani.

Mafundi ni timu ya nyuma. Beki wao wa kati ni kijana mrefu ambaye mchana hushinda na moto wa kuchomelea, na mpira wa kichwa haumpiti. Wakipata gozi hulipiga mbali kwa mbali, hawana mapambo. Golikipa wao ana mikono ya kupokea magunia. Tatizo lao liko mbele: wamefika hapa walipo kwa bao moja moja, na mawili kati ya hayo yalikuwa makosa ya adui. Makarani ni kinyume chao. Hupasiana chini, taratibu, na winga wao wa kushoto ana mbio za kumtia mtu aibu. Mkufunzi wao ni mwalimu wa hesabu, na yaonekana. Lakini kipa wao ni mfupi, na kila kona ni dua.

Halafu kuna kiwanja. Msomaji, usidanganywe na watu wanaosema kiwanja ni kiwanja. Hiki chetu kimelala kuelekea mtoni. Udongo wake ni ule mweusi wa Nairobi, ukipata jua hupasuka, ukipata mvua hushika kiatu kama gundi. Anayeshinda kura ya shilingi huchagua kushuka kipindi cha kwanza, afunge mapema, kisha apande mlima akijilinda. Mafundi wakianza kwa kushuka, wale Makarani watapata taabu. Na mechi ikifika penalti, zitapigwa jua likiwa chini kabisa. Kipa atakayesimama katika goli la mashariki litampata machoni. Namwomba refa alifikirie hilo mapema, asingoje mpaka makelele yaanze. Afadhali penalti lakini kuliko zamani: hadi mwaka 1970 sheria zilikuwa hazijaziingiza, na mwaka 1968 Italia iliingia fainali ya Ulaya kwa kurushiwa shilingi tu baada ya kutoka sare na Urusi ya Kisovieti.

Hiyo ndiyo mechi, na ingetosha. Lakini Jumatano jioni mpwa wangu alirudi chuoni akakaa kizingitini asiseme neno. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Mjomba, wameniambia Jumamosi nibebe maji."

Nakiri wazi, ili msomaji asije akanishtaki kuwa nina upande: mpwa wangu ndiye mshambuliaji wa Mafundi. Si mshambuliaji wa kutisha. Msimu huu amefunga bao moja, tena kwa goti. Lakini hajakosa mazoezi hata siku moja, na pia hajakosa darasa. Aliyechukua nafasi yake ni nani? Ni kijana wa klabu moja ya ligi, ambaye Jumatatu alikuwa hakijui chuo hicho hata mlango wake. Mfadhili mmoja mwenye duka amemlipia karo ya mwezi mmoja, akapigwa picha, akapewa kadi. Kadi ni ya haki, ina muhuri. Mwanafunzi ndiye wa uongo. Na msidhani Makarani ni malaika. Nao, nasikia, wamo mbioni kutafuta wa kwao kabla ya Jumamosi.

Mchezaji huyo kwa Kiswahili chetu huitwa mamluki. Neno ni la zamani kuliko kandanda. Mamluki ni mtu anayemilikiwa, askari mtumwa wa masultani, na wale wa Misri hatimaye walitawala wenyewe, tangu mwaka 1250 hadi Waturuki walipowaondoa mwaka 1517. Hiyo ni hatari moja ya mamluki ambayo wafadhili hawaifikiri.

Nilipoanza kulalamika mtaani, niliambiwa, "Bwana mshairi, kila mtu hufanya hivyo." Hilo najua. Tena najua zaidi ya wao, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa mamluki.

Ilikuwa Mombasa, mwaka 1988, nikiwa barobaro. Nilikuwa na mbio, na timu ya shule moja, shule ambayo sikuisoma, ilinitaka kwa mechi moja ya mtoano. Nilipewa jina la kijana mwingine nilishike kichwani, na jina la baba yake pia, refa asije akauliza. Sikuwa na viatu. Basi nikapewa viatu vyake vilevile. Nilifunga bao. Watu wakaniita kwa jina lisilo langu, wakanibeba mabegani, na chini ya mabega hayo nilimwona mwenye jina na mwenye viatu amesimama pekupeku kwenye mstari, anapiga makofi pamoja na wenzake. Mechi ilipokwisha nilimrudishia viatu. Alivipokea, akavikung'uta mchanga, akaniambia ahsante. Ahsante ya nini, mpaka leo sijui. Nilipewa soda na nauli.

Mwaka huohuo wa 1988, kwa sadfa, shirika la FIFA liliifungia Mexico miaka miwili kwa kuchezesha vijana waliopita umri katika mashindano ya walio chini ya miaka ishirini. Mexico ikaikosa Olimpiki ya Seoul, ikalikosa na Kombe la Dunia la Italia la mwaka 1990. Na aliyewafichua ni mwandishi wa magazeti, aliyeuona umri wa kweli katika kitabu kilichochapishwa na chama chao wenyewe. Nilipoyasoma hayo sikucheka kama wenzangu.

Kuna jambo ambalo wafadhili hawalielewi kuhusu vyuo hivi vidogo. Timu kubwa ina kesho. Mwaka 1987 Gor Mahia walipokutana na Esperance ya Tunis katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, walipewa mechi mbili: walitoka mabao mawili kwa mawili ugenini, na moja kwa moja hapa Kasarani, kombe likabaki kwa faida ya mabao ya ugenini. Tena wangelikosa, wangerudi mwaka uliofuata. Timu ya chuo cha mwaka mmoja haina mwaka unaofuata. Hawa Mafundi wa leo, baada ya miezi michache mmoja atakuwa karakana ya Thika, mwingine Mariakani, mwingine hana kazi yuko kwa mamake. Hawatavaa jezi moja tena. Ukimtoa kijana katika mechi hii umemtoa moja kwa moja. Kwa yule wa ligi, hii ni Jumamosi tu, na nyingine inakuja.

Wala sina chuki na kijana wa ligi. Ni maskini mwenzetu. Atalipwa pesa za siku mbili, akivunjika mguu katika mteremko ule klabu itamkana, na chuo hakitamjua. Wala si kwamba sehemu hii ina uhaba wa miguu hata ikodiwe. Hapa ni hatua chache tu kutoka Mathare, ilikoanzishwa MYSA mwaka 1987, ambako timu za watoto hupata pointi kwa kuzoa taka za mtaa wao na si kwa mabao peke yake. Kutoka huko ilizaliwa Mathare United, akapita Dennis Oliech, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Ng'ambo kidogo wapo Kariobangi Sharks, walioishinda Everton ya Uingereza kwa penalti hapa Kasarani mwaka 2019. (Mwaka huohuo Bandari yetu ya Mombasa iliwafunga Sharks fainali ya Shield. Nimeona bora nilitaje hilo, nami ni mgeni huku na sikupata nafasi ya kulisema kwa sauti.) Timu hizo zilipatikana kwa kulea watoto wa jirani.

Kama mfadhili yule ampenda kijana kweli, amlipie mwaka mzima. Akae darasani ajifunze kuchomelea, na msimu ujao avae jezi hiyo, nami nitakuwa wa kwanza kumshangilia. Kwa Jumamosi hii, ombi langu kwa waandalizi ni dogo. Msitazame kadi, kadi yapatikana kwa siku moja. Itazameni rejista ya mahudhurio. Kila mwalimu aje na rejista yake kiwanjani, refa aifungue ukurasa wa mwezi uliopita, aite jina, na asiyekuwamo avue jezi kabla ya filimbi. Jambo hilo halitagharimu hata senti. Sisi washairi tuna desturi ya kutia jina letu katika beti la tamati ili mtu asijivike kazi ya mwenziwe. Rejista ndiyo beti la tamati la mwanafunzi.

Nilimpelekea mwandalizi mmoja rai hiyo Alhamisi. Alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha chai, akasema wataangalia. Mtu wa Nairobi akisema wataangalia, mimi sijui maana yake ni ipi. Lakini aliandika neno "rejista" kwenye kiganja chake kwa kalamu, nikaona.

Huyu mpwa wangu, pamoja na kuambiwa abebe maji, jana ameviosha viatu vyake akavianika juu ya mabati. Mamake amemwambia avitoe, wezi wengi. Hakuvitoa, alikaa chini yake akivilinda mpaka Magharibi.

Basi utabiri wangu ni huu. Pande zote mbili zikija na miguu ya kukodi, sitabiri lolote, nitarudi nyumbani mapema. Rejista zikifunguliwa na kila mtu akacheza kwa jina lake, nawapa Makarani mabao mawili kwa sababu ya yule winga, na Mafundi moja, litakalotokana na kona. Litafungwa kwa goti la nani, ngoja tuone.