Msamaha wa Kodi Usiopita Bungeni

Serikali ya Kenya ilipopendekeza mwaka 2024 kwamba mkate utozwe VAT ya asilimia 16, habari zilienea nchi nzima kabla wabunge hawajapiga kura. Muswada ulichambuliwa redioni, ukabishaniwa ndani ya matatu, vijana wakaingia barabarani. Pendekezo la mkate liliondolewa mapema. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi muswada mzima.

Miaka kumi kabla ya hapo kodi nyingine ilikuwa imepunguzwa, na karibu hakuna aliyepiga kelele. Mei 2014 serikali ilichapisha katika gazeti lake rasmi Ilani ya Kisheria Namba 59, iliyotia nguvu mkataba wa kuepusha utozaji kodi maradufu kati ya Kenya na Mauritius. Mkataba wenyewe ulikuwa umetiwa sahihi tangu Mei 2012.

Yaliyomo hayakuwa madogo. Kwa sheria ya Kenya ya wakati huo, mrabaha unaolipwa kwa mtu aliye nje ya nchi ulikatwa kodi ya zuio ya asilimia 20, na mkataba ukaishusha hadi 10. Riba ilitoka asilimia 15 ikawa 10. Kampuni ya Mauritius yenye angalau asilimia 10 ya hisa katika kampuni ya Kenya ingekatwa asilimia 5 tu ya gawio, badala ya 10. Tuseme kampuni iliyo Nairobi inailipa kampuni dada ya Port Louis mrabaha wa shilingi milioni 100 kwa kutumia nembo yake. Bila mkataba, hazina ya Kenya inapata milioni 20. Mkataba ukiwepo, inapata milioni 10. Nembo ni ileile na biashara haijabadilika. Kilichobadilika ni anwani ya mwenye nembo.

Hapo ndipo penye mzozo. Mikataba ya aina hii ina kazi ya haki: mfanyabiashara asitozwe mara mbili kwa pato moja, huku na kule. Kenya inayo na Uingereza, Ujerumani, India na Zambia, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka yote ichanwe. Lakini Mauritius, kisiwa chenye watu wapatao milioni 1.3, kimejijenga kama mahali pa kusajili kampuni zinazomiliki mali za kwingine. Mwekezaji wa Ulaya anaweza kupitisha fedha zake hapo ili afaidi mkataba ambao nchi yake haikuutia sahihi. Hata Mkenya anaweza kuzitoa fedha zake, akazizungushia Port Louis, zikarudi nyumbani zimevaa joho la mwekezaji wa kigeni.

Shirika la Tax Justice Network Africa, lenye makao yake Nairobi, lilikwenda Mahakama Kuu mwaka huohuo wa 2014. Lilidai kwamba mkataba ulikiuka misingi ya Katiba ya 2010: uwazi, uwajibikaji, ushirikishwaji wa umma, na kanuni kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kesi ilichukua zaidi ya miaka minne. Tarehe 15 Machi 2019 Jaji Weldon Korir aliitangaza ilani ile kuwa batili.

Wanaharakati walisherehekea, na walikuwa na sababu. Hata hivyo, ni vyema kuangalia kesi ilishindia wapi. Kilichouangusha mkataba hakikuwa viwango vyake vya kodi, wala hasara ambayo hazina ingeipata. Ilani haikuwa imewasilishwa bungeni, ilhali sheria ya mwaka 2013 inataka hati za aina hiyo zifikishwe mbele ya Bunge ndani ya siku saba za vikao tangu zichapishwe. Zisipofikishwa, zinakufa.

Kuna wanaouita ushindi huo wa makaratasi. Wanakosea, kwa sababu utaratibu huo ndio njia pekee ambayo mwakilishi wa wananchi alikuwa nayo ya kuuona mkataba. Lakini wanaoutaja kuwa ushindi kamili nao wanajidanganya. Tarehe 10 Aprili 2019, siku 26 tu baada ya hukumu, Kenya na Mauritius zilitia sahihi mkataba mpya mjini Port Louis. Serikali iliyoshindwa kwa utaratibu ilichohitaji ni kuanza utaratibu upya.

India ilipita njia hiyohiyo, tena na kisiwa hichohicho. Mkataba wao wa mwaka 1982 uliiacha India bila haki ya kutoza kodi faida ambayo kampuni ya Mauritius inaipata kwa kuuza hisa za India. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Delhi iliubatilisha waraka wa serikali uliozikinga kampuni hizo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo. Kifungu chenyewe kilirekebishwa mwaka 2016, na kilirekebishwa na serikali mezani, miaka 34 baada ya sahihi ya kwanza. Barani Afrika, Senegal na Zambia nazo zilivunja mikataba yao na Mauritius kwa uamuzi wa serikali zenyewe.

Ujerumani inaonyesha sura nyingine ya kesi kama hizi. Mwaka 2012 zaidi ya raia 37,000 waliungana kuupinga mkataba ulioanzisha mfuko wa kuziokoa nchi za sarafu ya yuro zilizolemewa na madeni. Rais Joachim Gauck alingoja, hakuweka sahihi yake, mpaka Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe iseme. Tarehe 12 Septemba majaji waliruhusu mkataba uridhiwe, ila kwa masharti: dhamana ya Ujerumani isivuke takriban yuro bilioni 190 bila ridhaa yake, na siri za mfuko huo zisitumike kulinyima Bunge taarifa. Walalamishi hawakuuzuia mkataba, lakini walipata ukomo wa fedha ulioandikwa kwa tarakimu kabla nchi haijafungwa. Nairobi walipata hukumu miaka karibu saba baada ya sahihi, na tarakimu hawakuipata.

Tanzania nayo imeonja. Mkataba wake na Dubai kuhusu bandari uliridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023, na kesi ya kuupinga ikatupwa na Mahakama Kuu mjini Mbeya tarehe 10 Agosti. Ule haukuwa mkataba wa kodi, na waliouchukia bado wanauchukia. Lakini kwa kuwa ulilazimika kupita bungeni, vifungu vyake vilisomwa vijiweni, kanisani na mitandaoni. Walioshindwa walijua kwa hakika wanabishania nini.

Kenya haihitaji Katiba mpya ili kufika hapo. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kodi haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Serikali inaweza kujibu kwamba sheria ipo: Sheria ya Kodi ya Mapato inampa waziri uwezo wa kuutia nguvu mkataba kwa ilani. Jibu hilo linasimama kisheria, lakini linaacha swali la kisiasa palepale. Kwa nini senti za mkate zihitaji kura ya kila mbunge, na nusu ya kodi ya mrabaha ihitaji tangazo moja gazetini?

Watetezi wa utaratibu wa sasa husema wawekezaji wanataka uhakika, na kwamba mjadala wa wazi utawafukuza. Yaliyotokea yanasema kinyume. Mwekezaji aliyepanga mambo yake kwa kutegemea ilani ya 2014 aliamka Machi 2019 akakuta imebatilishwa. Mkataba uliojadiliwa na kupigiwa kura hauangushwi kirahisi namna hiyo.

Kwa hiyo Bunge lirekebishe kifungu cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinachompa waziri uwezo huo, ili kila mkataba wa kodi uje kama muswada, ukiambatana na makadirio ya mapato yatakayopotea na sababu ya kuyaachia, kabla haujaridhiwa. Kuhusu mikataba iliyokwisha kuridhiwa, kifungu cha 210 kinataka kila msamaha wa kodi uwekewe kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu apewe taarifa. Wizara ya Fedha iiingize mikataba hii katika kumbukumbu hiyo, nchi baada ya nchi, ikitaja kiasi ambacho hazina imekiachia kila mwaka.